Kabla Hujapanda Kuezua Hilo Paa, Nipe Dakika Kumi

Wiki mbili zilizopita binamu yangu alipata kibarua hapa hapa Mtongwe. Nyumba ya zamani, paa la zile shiti za kijivu zenye mawimbi, mwenyewe anataka kuweka mabati mapya. Kazi ni kuezua, kuzivunja kwa nyundo zienee kwenye mkokoteni, kisha kuzirundika kwenye kiwanja cha nyuma. Elfu moja kwa siku, siku tatu. Akaniita na mie. "Njoo yakhe, hii ni hela ya haraka."

Sikwenda. Si kwamba mie ni mjanja, nilikuwa na vidio ya kumaliza. Jioni ya siku ya tatu akaja kwetu, nywele nyeupe, kope nyeupe, leso ya Bibi imefungwa puani. Bibi akamtazama akasema, "Wewe leo umekuwa mzuka kabisa." Tukacheka sote. Nikampiga picha, nikaiweka kwenye status.

Haikupita nusu saa, mtu mmoja akanijibu: "Hiyo ni asbesto. Mwambie asikung'ute nguo ndani ya nyumba." Alikuwa ameshazikung'uta. Pale pale barazani, Bibi amekaa.

Mwengine naye akaandika: "Si ndo hiyo hiyo nano walotuwekea kwenye chanjo?"

Basi usiku ule sikulala. Nilisoma mpaka adhana ya alfajiri. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: lile vumbi likishaingia kifuani mwa binamu yangu, linakutana na nani huko ndani? Nikajikuta kwenye historia ndefu kuliko nilivyodhani. Hebu niwape kwa ufupi, maana wengi wenu mna binamu kama wangu.

Mwiba na samaki nyota

Mwaka 1882, mwanasayansi mmoja kutoka dola la Urusi, Ilya Metchnikoff, alikuwa Messina, kisiwani Sicily. Siku moja watu wa nyumbani kwake walikwenda kutazama sarakasi, yeye akabaki peke yake na hadubini. Alikuwa akichunguza watoto wa samaki nyota, ambao miili yao inapenyeza nuru kama kioo, unaona ndani bila kupasua. Humo ndani kuna seli zinazotembea huku na huku. Akajiuliza, je, seli hizi ni walinzi? Akachuma miiba midogo kwenye mchenza, akawachoma nayo chini ya ngozi.

Asubuhi yake akakuta seli zimeuzunguka kila mwiba, zinajaribu kuumeza.

Hapo ndipo ilipoanza elimu ya seli zinazokula. Aliye mkubwa kati yao anaitwa makrofeji, maana yake kwa Kigiriki ni mlaji mkubwa. Mwaka 1908 Metchnikoff alipata tuzo ya Nobel, akigawana na Paul Ehrlich.

Sasa, mapafu yako yana vifuko vya hewa mamia ya milioni, vyembamba mno, ndipo oksijeni inapoingilia damuni. Huko chini hakuna kamasi wala vile vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje kama vilivyo kwenye njia za juu. Aliyeko ni makrofeji. Anatambaa juu ya ukuta wa kifuko akiokota anachokikuta: bakteria, moshi, vumbi. Anachoweza kukimeng'enya anakimeng'enya. Asichoweza, anakibeba polepole mpaka kwenye njia za juu, kamasi inakichukua, unakitema au unakimeza. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwengine zaidi ya mwaka. Yaani huyu ni mzoa taka wa mtaa, hana mshahara, hana likizo.

Na kazi hii ni ya kale. Hapa Mtongwe kwetu, watafiti kutoka Japan walichimba wakapata zana za mawe za watu wa enzi hizo. Hebu wafikirie wale watu: wanachonga mawe, wanakaa na moshi wa moto. Vumbi na moshi makrofeji anavijua tangu zamani. Tatizo limekuja na vitu asivyovijua.

Nellie Kershaw

Rochdale, Uingereza. Msichana mmoja, Nellie Kershaw, alikuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Asbesto, kwa asiyejua, ni jiwe, lakini jiwe linalochambuka likawa nyuzi kama pamba. Haliungui, halioza, ni rahisi. Dunia ililipenda: breki za magari, mabomba, meli, na yale mapaa.

Nellie alifariki mwaka 1924. Alikuwa na umri wa miaka 33. Daktari William Cooke alitazama mapafu yake kwenye hadubini akakuta makovu, na ndani ya makovu vipande vya madini. Akaandika kwenye jarida la madaktari la Uingereza mwaka huo huo. Kiwanda hakikuilipa familia yake fidia, hata mchango wa mazishi kilikataa. Alizikwa kwenye kaburi lisilo na jina.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Piga hesabu mwenyewe. Miaka 75 tangu Nellie afe.

Kati ya hapo, mwaka 1960, J. C. Wagner na wenzake wawili walichapisha ripoti kutoka Afrika Kusini, eneo la migodi ya asbesto ya Northern Cape. Walikusanya wagonjwa 33 wa saratani ya utando unaofunika mapafu, saratani ambayo kwa kawaida ni adimu sana. Kilichonitoa usingizi ni hiki: wengi wao hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wameishi karibu na migodi. Baadhi walicheza juu ya malundo ya mabaki walipokuwa watoto, wakaja kuugua ukubwani.

Niliposoma hapo nikaikumbuka ile rundo ya kiwanja cha nyuma. Mchana wake niliwaona watoto wakichora bladda chini kwa vipande vya shiti. Vinachora vizuri kweli, kama chaki.

Kwa nini mlaji anashindwa

Makrofeji ni mdogo, upana wake ni kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Akikutana na chembe ya mviringo anaifunika, anaifunga tumboni, kazi imekwisha. Lakini uzi wa asbesto unaweza kuwa mrefu kumshinda. Anaushika upande mmoja, upande wa pili unatokeza nje. Hawezi kuufunga mdomo.

Umewahi kumwona nyoka aliyemeza kitu kikakwama? Basi ni hivyo. Na makrofeji hakati tamaa. Zile kemikali alizozihifadhi kwa ajili ya kumeng'enya zinavuja nje, zinaunguza ukuta wa pafu lako. Anapiga king'ora kuita wenzake. Wenzake wanakuja, nao wanashindwa, nao wanapiga king'ora. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Jürg Tschopp wa Lausanne, Uswisi, walionyesha swichi iliyo ndani ya makrofeji inayowashwa na asbesto na vumbi la mawe, ile inayotoa amri ya uvimbe.

Uzi hauozi, kwa hiyo king'ora hakizimi. Mwaka wa kwanza, wa kumi, wa ishirini. Mahali pa uvimbe panakuja kovu. Seli zinazogawanyika mfululizo ndani ya moto huo mwishowe moja inakosea, ndo saratani. Saratani ile ya utando kwa kawaida hujitokeza miaka ishirini mpaka arobaini, hata zaidi, baada ya kuvuta vumbi.

Kwa hiyo anayekuumiza si jiwe peke yake. Ni mlinzi wako mwenyewe, anayepigana vita asivyoweza kushinda wala kuviacha.

Kuna njia ya pili ya kushindwa, na hii mtu wa Mtongwe ataielewa bila mchoro. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka. Ilitengenezwa kubeba watu 300, ikapakia kama 400. Watu 272 walikufa. Hakuna mzee hapa asiyekumbuka alikuwa wapi asubuhi ile, na sitaki kuligeuza jambo hili kuwa mfano mwepesi. Nasema tu kwamba sisi tunajua: chombo kizima, injini nzima, kinaweza kuangamia kwa mzigo.

Mwaka 1988 mwanasayansi Paul Morrow wa Rochester, Marekani, alieleza jambo kama hilo ndani ya mapafu. Chembe hata ziwe si sumu kali, makrofeji akibeba mzigo unaofikia karibu asilimia 6 ya ujazo wake anaanza kulegea. Ukifika karibu asilimia 60 hatembei tena. Anabaki pale pale na mzigo wake, na vumbi jipya linazidi kuingia.

Sasa tuje kwenye nano

Nanomita moja ni milimita moja ukaigawa mara milioni. Unywele wako una upana wa kama nanomita 80,000. Vitu vya nano ni vile vyenye kipimo cha kati ya 1 na 100, na siku hizi binadamu anavitengeneza makusudi: kwenye rangi, matairi, betri, mafuta ya kujikinga na jua.

Kwani kuvifanya vidogo kunabadilisha nini? Chukua bonge la sukari guru na sukari iliyosagwa, uzito sawa, tia kwenye vikombe viwili. Ipi itayeyuka mbio? Iliyosagwa, kwa sababu ina uso mwingi unaogusa maji. Ukikigawa kipande kikawa vipande vyenye upana mdogo mara kumi, unapata vipande elfu moja, na uso wake wote unaongezeka mara kumi. Miaka ya mwanzo ya 1990, Juraj Ferin na Günter Oberdörster, kule kule Rochester, waliwapa panya titanium dayoksaidi, ule weupe wa kwenye rangi. Kemikali ile ile, ila moja ya nanomita 20 na nyengine ya 250. Kwa uzito sawa, ile ndogo ilileta uvimbe mkubwa zaidi, na mapafu yalichelewa zaidi kuisafisha.

Mwaka 1991 Sumio Iijima wa Japan alieleza mirija ya kaboni: myembamba ajabu, imara kushinda chuma, mirefu. Dunia ikafurahi. Wachache wakatulia wakasema, ngojeni kwanza. Chembamba, kirefu, hakiozi. Hicho si tunakijua?

Mwaka 2008 Craig Poland, Ken Donaldson na wenzao wa Edinburgh waliiweka mirija hiyo kwenye tumbo la panya, juu ya utando unaofanana na ule wa mapafuni. Mirija mirefu ilifanya yale yale ya asbesto: makrofeji kukwama, uvimbe, vinundu. Mirija mifupi au iliyojiviringa kama kamba iliyofumana haikufanya hivyo. Mwaka 2014 jopo la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaiweka aina moja ya mirija hiyo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani kwa binadamu. Aina nyengine walisema ushahidi haujatosha kuziweka kundi lolote.

Hapa ndo nawajibu nyinyi wa komenti. Neno nano peke yake halikuambii kitu. Ni kipimo, kama kusema "kidogo". Kabla hujaogopa wala kushangilia, uliza maswali matatu. Umbo lake likoje, duara au uzi? Mwili unaweza kuliyeyusha au litakaa? Na je, linaruka hewani mpaka lifike kifuani?

Chanjo za Pfizer na Moderna zilitumia vijitone vya mafuta vya ukubwa wa nano. Vinachomwa msulini, havivutwi puani, na mwili unavivunja kwa sababu ni mafuta. Si uzi, si jiwe. Au tuvuke mpaka twende Arusha, ambako Mtanzania Askwar Hilonga alitengeneza chujio la maji linalotumia teknolojia ya nano, akashinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kitu kilichoshikiliwa ndani ya chujio la maji si sawa na vumbi linaloelea mbele ya pua yako. Kwa hivyo ukiniletea vidio ya mtu anapiga kelele "nano! nano!" bila kujibu maswali hayo matatu, mie napita.

Maoni yangu, mkipenda mtukane

Hadithi ya asbesto ilihesabu maiti kwanza, halafu ikauliza maswali. Hadithi ya mirija ya kaboni, angalau mara hii, ilianza na maswali. Miaka 17 tu kutoka kwa Iijima mpaka kwa panya wa Edinburgh. Hayo mie naita maendeleo. Nellie hakufa bure, ingawa hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari kuwa funzo.

Lakini huko ni maabara. Huku kwetu bara ya Mombasa bado tuko kwenye mtindo wa kuhesabu kwanza. Nendeni Owino Uhuru, kule Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia watu risasi hewani na kwenye maji. Risasi ni kisa chengine, inaingia damuni, lakini somo ni lile lile. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alipatikana na sumu hiyo, alipiga kelele miaka na miaka, akapewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ikaja kuirudisha Desemba 2024. Watoto waliokuwa wanatambaa kiwanda kilipokuwa kinafuka moshi walikuwa ni vijana wakati huo.

Na asbesto? Tangu kanuni za 2006, Kenya inaihesabu kuwa taka hatari. NEMA ina mwongozo: aishughulikie mwenye leseni, ilowanishwe, isivunjwe, ifungwe vizuri, izikwe mahali palipoidhinishwa. Sheria ipo. Ila sheria haipandi ngazi. Anayepanda ngazi ni kijana wa miaka 22 mwenye leso ya bibi yake, na leso haizuii nyuzi zile.

Tusitiane hofu pia. Paa la asbesto lililo zima, halijapasuka, halikusuguliwa, halikumwagii nyuzi ukiwa umelala chini yake. Hatari ni kulivunja, kulikata, kulisugua. Na siku tatu si miaka ishirini ya kiwandani. Uwezekano unaongezeka kadiri unavyovuta vumbi zaidi. Hiyo ndo sababu ya kuacha leo, hata kama jana ulishavuta.

Nilimweleza binamu yangu yote haya. Mlaji mkubwa, uzi, king'ora, miaka thelathini. Akanisikiliza mpaka mwisho, tena kwa heshima, halafu akaniambia: "Miaka thelathini? Yakhe, mie nataka kula leo."

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina lililo zuri. Siwezi kumlaumu mtu kwa kuuza pumzi ya mwaka 2055 ili apate unga wa leo. Ninayeweza kumlaumu ni yule aliyeamua bei iwe elfu moja. Ukiwa na hela ya mabati mapya, una hela ya kumtafuta mwenye leseni. Ukiwa ni kaunti, una simu, una gari, una watu. Mzigo huu umewekwa juu ya mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote kwenye mnyororo, halafu tunamwambia ajikinge.

Tulichofanya ni kidogo. Tuliwatoa watoto pale kwenye rundo, tukalimwagia maji, tukalifunika kwa turubai, tukaweka mawe pembeni upepo usiliinue. Zile nguo zake Bibi alizilowesha kwenye ndoo, akazitia kwenye mfuko, akaukaza, na baraza akaipangusa kwa tambara bichi, hakufagia. Tumempigia mwenye nyumba. Amesema ataona.

Wiki ya pili sasa, turubai lipo pale pale. Juzi binamu amepigiwa simu na mtu mwengine, paa kama lile, upande wa Likoni. Aliniuliza mbele ya Bibi: "Nikiwaambia wailowanishe kwanza na waninunulie barakoa ya maana, unadhani watanipa kazi au watamwita mwengine?"

Bibi akajibu kabla yangu. "Watamwita mwengine. Na huyo mwengine naye ana bibi yake."

Ndo maana nimeandika. Wewe ndiye yule mwengine.